Mwaka wa Mijusi Wadogo

Wiki tuliyokuwa tukipanga mazishi ya Okelo, watoto wake walikutana kila jioni nyumbani kwa Atieno, binti yake wa kwanza, katika fleti yake pale Nyayo Highrise. Mimi niliwekwa kwenye kochi karibu na dirisha, mahali pa wazee, nikapewa chai na mandazi, nikasikiliza vijana wakizungumzia basi, jeneza na wapishi. Dirisha lile linatazama mabati ya Kibera yaliyopandana hadi bondeni, na huko mbali, moshi wa jioni unakopanda, ndiko Gatwekera nilikoishi nikiwa msichana. Jioni ya pili walianza kutunga maneno ya kusomwa siku ya mazishi. Alizaliwa, akasoma kidogo, akaja Nairobi, akawa fundi wa mabati Kawangware. Hapo Atieno akaweka kalamu chini.

"Hapa kuna shimo," akasema. "Kutoka Kawangware mpaka apate kazi Kisumu, hakuna kitu. Auntie, wewe ndio ulimjua zamani kuliko sisi wote. Alikuwa wapi?"

"Alikuwa jela," nikasema.

Nilidhani walijua. Nilimwona Ochieng, kitinda mimba, akiweka kikombe chini polepole, na nikatambua kwamba Okelo alikuwa ameondoka duniani bila kuwaambia watoto wake neno. Walimjua kama mzee wa kanisa, mtu wa kurudisha msumari usio wake. Ochieng akauliza, jela ya nini. Nikajibu, ya mijusi, na hakuna aliyecheka. Ninaandika hapa yale niliyowaeleza jioni ile, pamoja na mengine ambayo hayasemeki mtu akiwa na andazi mkononi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikiishi Gatwekera katika chumba cha udongo na mabati, nikifulia watu nguo. Mwanamke mmoja niliyemfulia aliniambia kwamba Kawangware, sehemu inayoitwa Kongo, kuna mtu anatafuta msichana wa kuosha masanduku. Hakusema masanduku ya nini. Nikaenda kwa miguu asubuhi, nikauliza njia mpaka nikafika kwenye ploti ya Mama Njeri: vyumba vilivyotazamana, uwanja wa udongo katikati, kamba za nguo, na mwisho kabisa chumba kikubwa kilichogawanywa kwa ukuta wa mabati. Upande mmoja palikuwa na meza, redio na kitanda; hapo ndipo alipokaa mwajiri wangu. Jina lake halisi silijui mpaka leo. Kila mtu alimwita Bosi na mwenyewe alipenda aitwe hivyo. Aliwahi kuendesha magari ya watalii, na kutoka kwao alijifunza kwamba kila kitu kinachotambaa kina mtu mahali fulani anayekitaka. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi hata mikunjo ya mikono ikasimama.

"Unaogopa mjusi?" akaniuliza.

"Sijawahi kuulizwa," nikasema.

Akafungua mlango wa upande wa pili. Harufu ilinipiga kwanza, kama ya chungu kilichosahaulika na chakula ndani, kisha macho yakazoea giza nikaona masanduku ya bati yamepangwa kutoka sakafuni hadi kwenye paa, yote yametobolewa matundu kwa msumari. Kulikuwa na vinyonga, kulikuwa na kobe wachache, lakini wengi wa waliokuwa mle ni mijusi wadogo ambao hata nyumbani sikuwahi kuwapa jina. Walikuwa na urefu wa kidole changu cha kati, mkia ukiwemo. Mgongo ulikuwa rangi ya shaba iliyochakaa, laini na wenye kung'aa, na mstari mweusi ulipita ubavuni kuanzia puani. Miguu yao ilikuwa midogo hata ukashangaa ni ya kazi gani. Macho hayakufumba. Yalifunikwa na kitu kama kioo, wakakutazama tu, wazima kwa wafu, na siku za mwanzo nilikuwa naogopa kuwagusa kwa sababu sikuweza kujua yupi yu hai.

Wengi hawakuwa hai. Vijana waliwaleta kwenye makopo kutoka kila upande, Bosi akawatia kwenye mchanga mkavu kama alivyofanya kwa mijusi wakubwa wa mawe, na asubuhi nilikuta wamenyauka kama maganda ya maharagwe. Kulikuwa na mzungu ng'ambo, Bosi alisema, aliyewataka hawa wadogo wakiwa hai, maana hakuna mtu mwingine aliyekuwa nao. Nilisikia mazungumzo hayo kupitia ukuta wa bati. Katika chumba kile mtu alisikia kila kitu, kikohozi, redio, kijiko kikizunguka kikombeni, na mwaka ule mambo mengi makubwa ya maisha yangu niliyapata kwa sikio, nikiwa nimechuchumaa na kitambaa chenye maji mkononi.

Masanduku yalitengenezwa na Okelo. Alikuwa na kibanda chake mbele ya ploti, akikunja mabati na madebe ya mafuta ya kupikia, kijana mwembamba mwenye mabega ya mtu mzito, asiyezungumza akiwa na nyundo mkononi. Mchana Mama Njeri, mwenye ploti, alituita kula. Alikuwa mjane, mtu wa kanisa, na hakuamini kwamba mtu anaweza kufanya kazi kwenye ploti yake akalala njaa. Tulikula githeri yake ya mahindi na maharagwe kwenye mabakuli ya enamel, tumekaa juu ya mawe kando ya bomba, na Okelo akatoa omena, dagaa wa kwao, aliyefungwa kwenye gazeti, Mama Njeri akasogeza kiti chake mbali kwa ajili ya harufu, kisha mwishoni akanyoosha mkono akachukua wawili watatu.

"Hizo vitu ziko na sumu," aliniambia siku ya kwanza. "Ikikulamba mkono, mkono inakauka."

"Mimi nimelambwa mara mingi, Mama Njeri," Okelo akasema. "Na bado nakula githeri yako na mikono mbili."

Aliniita Nyar Maragoli, yaani binti wa Maragoli kwa lugha yao, hata baada ya kujua kwamba naitwa Kageha.

Siku za kuni nilikwenda na wanawake wa Gatwekera kwenye msitu wa Ngong Road. Asubuhi moja niligeuza gogo lililooza na chini yake akatoka mmoja wa wale wadogo. Hakukimbia kama mjusi. Alibana miguu ubavuni akaogelea ndani ya majani makavu, mara akawa hayupo. Nilipiga magoti nikaingiza mkono alipopotelea. Juu majani yalikuwa makavu na yenye kelele. Kidole kimoja chini yalikuwa meusi, baridi, yenye unyevu, yamejaa mchwa na vijidudu vidogo kuliko chembe ya chumvi. Niligeuza gogo la pili, nikapekua mizizi ya nyasi pembezoni mwa msitu, nikachokoa kichuguu kilichobomoka. Walikuwepo kila mahali. Tulikuwa tukitembea juu yao miaka yote na mizigo yetu kichwani. Nilifikiria ule mchanga wa Bosi nikahisi aibu, ingawa haukuwa wangu.

Siku iliyofuata nilibeba gunia la majani yale na vipande vya gogo, nikajaza masanduku ya wadogo bila kumwuliza mtu. Mchana Bosi akafungua sanduku moja, kisha la pili, kisha nikamsikia akiniita kwa sauti ya chini ambayo ilinitisha kuliko kelele.

"Wako wapi?"

"Wako ndani."

"Nakuuliza mara ya mwisho, wewe msichana. Umewauza kwa nani?"

Alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja juu ya fremu, na sikuwa na mahali pa kupita. Okelo aliacha kugonga kule nje. Nikaingiza mkono kwenye majani hadi kiwikoni, nikaomba Mungu, na nikahisi kitu kikipita katikati ya vidole vyangu kama uzi wa maji. Nikakifumbata, nikamwonyesha. Bosi akatazama, akarudi kwenye redio yake. Nyundo ikaanza tena. Tangu siku ile hawakufa tena kwa wingi, na mvua zilipoanza madume yakawa na rangi ya machungwa tumboni, na chini ya kipande cha gogo nikakuta mayai meupe, laini, madogo kama punje za maharagwe. Nilimwita Okelo aje aone. Alichuchumaa karibu nami muda mrefu.

"Kumbe mimi nilikuwa najenga nyumba," akasema. "Nilifikiri najenga sanduku."

Kwa nini nilijali, Ochieng aliniuliza jioni ile pale Highrise. Nilikuwa msichana mpangaji, sikuwa na kitu changu Nairobi isipokuwa beseni na pasi ya makaa. Labda ni kwamba kitu kilikuwa kikifa mikononi mwangu kikaacha kufa. Labda ni kwa sababu Okelo alikuja kutazama mayai yale kila mchana baada ya kula. Siwezi kuyatenganisha mambo hayo mawili, na sijaona haja.

Maneno ya Kongo yalianza polepole. Kwanza wanawake waliacha kuanika nguo upande wetu. Kisha mtoto wa jirani akaniuliza kama ni kweli Bosi ana nyoka wa kutapika pesa. Yule nyoka kila mtu Nairobi amemsikia: analala kwenye godoro chumbani, anataka damu, na kila asubuhi anamtapikia mwenyewe noti. Shati la Bosi lilipigwa pasi mno, na hakuna aliyemwona akifanya kazi. Nilicheka, lakini Mama Njeri hakucheka. Alianza kusimama mlangoni pake jioni akihesabu waliopita na kutazama ndani.

Kisha redio ikatangaza kwamba serikali imepiga marufuku biashara ya wanyama wa porini. Nilikuwa nikiosha vyombo vya maji. Upande wa pili kitanda kililia Bosi aliposimama, na sauti ya redio ikapunguzwa. Mchana alikuja mtu aliyevaa viatu vizito, sikumwona uso, nilisikia viatu tu. Wakazungumza karibu na ukuta ule ule niliouegemea.

"Watakuja hapa," yule mtu akasema. "Wako na majina ya wote walikuwa na leseni, na wale hawakuwa nayo wanatafutwa zaidi."

"Mzigo nitatoa."

"Utoe upeleke wapi? Hakuna ndege itachukua. Ondoka wewe. Hiyo takataka waachie wale watoto."

Sikuelewa kwamba watoto ndio sisi mpaka asubuhi iliyofuata, nilipofungua na kukuta meza tupu, redio haipo, kitanda hakipo. Ukuta wa bati ulibaki peke yake katikati ya chumba, na nyuma yake masanduku, yote yamejaa.

Tulikaa siku kadhaa hatujui la kufanya. Okelo alisema tungoje, huenda Bosi akarudi. Mimi niliendelea kuwapa maji kwa sababu mkono ulikuwa umeshazoea. Ndipo mtoto wa jirani, yule aliyeniuliza habari za nyoka, akashikwa na homa na degedege, akapelekwa hospitali amebebwa kwenye blanketi, na kabla mama yake hajarudi watu walikuwa wamejaa kwenye lango la ploti. Niliona wanaume niliowajua, fundi viatu, muuza makaa, watu wa kunisalimia asubuhi. Mmoja alikuwa na kibuyu cha mafuta ya taa.

"Mama Njeri, toa hiyo kitu ama tutachoma," akasema.

Mama Njeri alikuwa amesimama mbele yao na sufuria ya maji yanayotokota, ameishika kwa khanga. Sikujua kama ni ya mijusi au ya watu.

"Mkichoma chumba moja mmechoma zote," akasema. "Watoto wenu wanalala hapa. Nipeni mpaka kesho saa sita. Kesho saa sita mtakuja kuangalia na hakutakuwa na kitu."

Walibishana, wakanung'unika, wakarudi nyuma kidogo kidogo. Lango lilipofungwa alitugeukia mimi na Okelo, sufuria bado mikononi.

"Nikiingia hapo na hii maji, inaisha saa hii," akasema. "Sema tu, Kageha."

Nilitaka kusema ndiyo. Ilikuwa njia rahisi, na hakuna ambaye angetulaumu. Lakini wiki ile mayai yalikuwa yamepasuka, na vifaranga walikuwa wembamba kama njiti ya kiberiti, na nilikuwa nimewaona wakila kwa mara ya kwanza. Okelo ndiye aliyejibu.

"Tutawarudisha kwao, Mama. Kuwaachilia hapa nje hatuwezi, wakitapakaa kwa ploti hao watu watarudi na huo moto. Kesho asubuhi tunawatoa. Sio mbali."

"Na polisi?"

"Mimi ni fundi. Kila siku napita na mabati."

Asubuhi tuliwapanga. Wale wadogo niliwatia pamoja na majani yao kwenye kikapu kikubwa nilichokitandika gunia lenye maji, nikafunika na kitambaa, kisha juu nikapanga mafungu ya sukuma wiki kutoka shamba dogo la Mama Njeri. Okelo alichukua vinyonga na kobe kwenye debe na masanduku mawili, akayafunga kwenye baiskeli. Tulikubaliana atangulie, mimi nifuate nikimwona, kama watu wasiojuana. Mama Njeri alituombea mlangoni kwa Kikuyu, kwa haraka, akifagia huku akiomba.

Tulipita Dagoretti Corner bila shida. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali na nilihisi ule unyevu wa gunia ukipita kwenye mgongo wa sweta yangu. Tulipoanza kuona miti ya msitu, nikaona pia watu watatu kando ya barabara, polisi wawili na mmoja mwenye sare ya kijani ya walinzi wa wanyama, wakisimamisha watu wenye mizigo. Okelo asingeweza kugeuka na baiskeli bila kukimbizwa. Wala mimi. Nikaendelea kutembea kwa sababu miguu haikujua kitu kingine.

Walimsimamisha. Yule wa kijani akagonga debe kwa fimbo, akaamuru lifunguliwe. Kinyonga akatoka taratibu, akashika ukingo, akamtazama kila mmoja kwa jicho lake. Mimi nilikuwa nimefika karibu kiasi cha kusikia.

"Na huyo nyuma yako?" polisi mmoja akauliza. "Mko pamoja?"

Okelo akageuka akanitazama. Nimetazamwa na watu wengi maishani, na mume niliyempenda kwa miaka mingi, lakini sijatazamwa tena namna ile, kwa uso usio na kitu kabisa, kama mtu anayetazama nguzo ya simu.

"Yule wa mboga?" akasema. "Simjui."

Polisi akaniita. Nikamwendea. Akaniuliza sukuma ni ya wapi, nikasema shambani kwa mama, Kawangware. Akasema lete fungu mbili. Nikashusha kikapu, nikaingiza mkono, na nilipovuta fungu la kwanza nikahisi kitambaa kimesogea, na mjusi mmoja akapanda juu ya kidole, akapita kwenye kiganja, akaingia ndani ya mkono wa sweta. Miguu yake ilikuwa ikinikwaruza kwenye mshipa wa mkono. Nikampa polisi fungu. Akataka la pili. Nikalitoa kwa mkono ule ule kwa sababu wa pili ulikuwa umeshika kikapu, na yule mjusi akapanda hadi kiwikoni akatulia. Polisi akachukua mboga zake bila kulipa, akasema nenda. Nikainua kikapu. Sikumtazama Okelo. Nyuma yangu nilisikia wakimfunga pingu na baiskeli ikianguka, na masanduku yake yakilia barabarani.

Niliingia msituni, nikapita mahali wanawake wanapokata kuni, nikaenda ndani zaidi, hadi kwenye magogo makubwa yaliyooza penye kivuli. Hapo nikamwaga. Majani juu ya majani. Palisikika mchakacho mdogo, kama mvua inapoanza, kisha kimya. Vifaranga niliwatoa mmoja mmoja kwenye mikunjo ya gunia. Nilivua sweta nikaikung'uta mpaka yule wa mwisho akaanguka. Nilipomaliza, kikapu kilikuwa chepesi na hakukuwa na dalili yoyote kwamba nimefanya kitu. Nikakaa chini nikalia hadi nikachoka, kisha nikaenda nyumbani Gatwekera.

Siku ya kesi Mama Njeri alinipitia. Alivaa koti la kanisani na kofia ya sufu. Korti ilikuwa na mabenchi magumu na harufu ya nguo zilizonyeshewa. Okelo akaletwa, ametulia, nywele zimenyolewa. Hakimu akauliza wanyama hao ni wa nani.

"Ni wangu," akasema.

"Ulikuwa unawapelekea nani?"

"Hakuna mtu. Nilikuwa nawarudisha msituni."

Watu wakacheka. Hakimu akauliza ni nani aliyempa kazi hiyo, na Okelo akajibu kwamba walimwita Bosi, jina lingine halijui, na kicheko kikaongezeka. Nikaona kwamba hakuna atakayemwamini isipokuwa mtu asimame na kusema. Nikaanza kuinuka. Mama Njeri akanikamata kifundo cha mkono, akakivuta chini kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Kaa," akaninong'oneza. "Ukisimama, atakuwa amefungwa bure."

Nikakaa. Alipewa miezi sita. Alipopitishwa mbele yetu alitazama mlango tu.

Sikuweza kwenda kumwona, kwa kuwa hakunijua. Mama Njeri ndiye aliyekwenda. Askari jela akamwuliza yeye ni nani kwa mfungwa, akasema ni mama yake. Askari akatazama jina la Kijaluo, akamtazama huyu mama wa Kikuyu aliyevaa kofia ya kanisa, akasema haiwezekani. Mama Njeri akamwambia yeye azae wake, na wa watu awaachie wenyewe. Akapewa dakika chache, askari amesimama katikati yao, kwa hivyo walizungumza habari za chakula na kifua. Jina langu hawakulitaja. Yule mtoto wa degedege, nisisahau kusema, alipona, ilikuwa malaria.

Okelo alipotoka alikuja moja kwa moja Gatwekera. Nilikuwa nje nikifua. Nikaona viatu kwanza, havina kamba, nikainua macho. Alikuwa amekonda, na alisimama mbali kidogo kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa. Nikampa maji kwenye kikombe, akanywa yote, akabaki na kikombe mkononi.

"Ulifika?" akauliza.

Miezi yote hiyo hakujua. Alikuwa akilala na swali hilo, kama walinishika mbele zaidi, kama niliogopa nikatupa kikapu mtaroni. Nikamwambia nilifika. Akaniomba nimwonyeshe.

Tulikwenda kesho yake. Nilimpeleka kwenye magogo yale, tukapiga magoti, tukafunua majani pole pole. Tulikuta mchwa, tukakuta jongoo, tukakuta unyevu ule ule mweusi. Mjusi hakuonekana hata mmoja. Nikaanza kupekua kwa haraka, nikiogopa kwamba alikaa ndani kwa ajili ya majani matupu. Akaniwekea mkono begani.

"Wacha, Nyar Maragoli. Wale tuliokuwa tunawaona ndio walikuwa wanakufa."

Tukarudisha gogo mahali pake. Tulikaa pale mpaka njaa ikatutoa. Watu wameniuliza kwa nini hatukuoana, na jibu ni kwamba yeye alipata kazi Kisumu karibu mara moja, mimi nikakutana na mume wangu, na miaka ikaenda. Aliporudi Nairobi na mke wake, walikuja kula kwangu Jumapili ya kwanza.

Nilipomaliza kusimulia pale Highrise, chai ilikuwa imepoa. Ochieng alisema haifai kusoma habari za jela mbele ya askofu na watu wa kijiji. Atieno akamjibu kwamba baba alinyamaza kumlinda mtu, na huyo mtu amekaa hapa, mzima, ameshakunywa chai yao. Wakabishana mpaka nikasema sitaki kuwagombanisha, waandike wapendavyo.

Hawakuandika kitu. Siaya, kijijini kwao Okelo, siku ya mazishi, msomaji alifika kwenye lile shimo, Kawangware halafu Kisumu, na alikuwa akikaribia kupita. Jua lilikuwa limepenya kwenye turubai na watoto walikuwa wameanza kusinzia. Nikasimama. Magoti yangu si mazuri siku hizi, ikabidi Atieno anishike. Sikupewa kipaza sauti, kwa hivyo nilisema kwa sauti niliyokuwa nayo, kwamba naitwa Kageha, na kwamba mwaka huo aliouruka msomaji, Okelo alikuwa amefungwa, na mtu aliyekuwa akitembea nyuma yake barabarani siku ile alikuwa mimi. Ochieng akainuka kutoka mbele, nikadhani anakuja kunikalisha. Akaniletea kiti, akakiweka karibu nami, akasimama kando yake.

"Endelea, Auntie," akasema. "Waambie yote."